Breathe: mashine iko na jina, mkono hauna

Leo tuongee filamu moja. Inaitwa Breathe, ilitoka mwaka 2017, mwongozaji wake ni Andy Serkis. Ni filamu nzuri, na mwenye moyo mwepesi ajitayarishe kulia. Lakini iko na shimo moja katikati, na ile shimo inatuhusu sana sisi wenye tunazunguka na diploma mkononi tukitafuta kazi na jina.

Kwanza hadithi. Robin Cavendish alikuwa kijana Mwingereza, mfanyabiashara wa chai kule Kenya. Mwaka 1958, akiwa na miaka 28, polio ikamwangusha. Kuanzia shingo kushuka chini mwili ukanyamaza, hata misuli ya kupumua. Waganga wakamhesabia miezi mitatu tu. Wakamrudisha Uingereza, wakamlaza hospitalini na tundu kwenye koo, bomba, na mashine ya kumpulizia hewa usiku na mchana. Yeye mwenyewe akataka kufa. Mke wake Diana akakataa. Akamtoa hospitalini hata kama wakubwa wa pale walisema haiwezekani, akampeleka nyumbani pamoja na mashine. Kisha rafiki yao Teddy Hall, profesa wa Oxford, akamtengenezea kiti cha magurudumu chenye mashine ya kupumulia. Robin akatoka nje, akasafiri, akapigania wengine wenye ulemavu kama wake, akapewa nishani ya MBE mwaka 1974. Alikufa mwaka 1994. Ile miezi mitatu iligeuka miaka 36.

Tuseme ukweli, kuna mahali filamu inashinda. Andrew Garfield anacheza Robin kwa uso tu: macho, midomo, nyusi, basi. Claire Foy, mwenye anacheza Diana, halii ovyo; anafanya kazi, na uchovu unaonekana kwenye mabega. Halafu kuna sehemu ya Ujerumani. Robin ameenda kule kwa mkutano, na wanamwonyesha hospitali ya kisasa. Chumba ni cheupe. Wagonjwa wamepangwa ndani ya mapafu ya chuma, vichwa tu njo vinatoka nje, sawa vile maiti kwenye makabati ya mochwari. Kila kitu ni safi, kila mashine inafanya kazi, na hakuna mwenye anaishi pale. Bila maneno mengi tunaelewa kwamba mtu anaweza kupewa pumzi na kunyimwa maisha.

Sasa shimo. Ile pumzi, kila siku, ni nani anaishika?

Filamu inatupa watu watatu: mgonjwa mwenye moyo wa kishujaa, mke mwenye mapendo, profesa mwenye akili. Watu wa hospitali wako pale kama kizuizi, ama kama viti na vitanda. Lakini mgonjwa wa namna hii hasimami juu ya ushujaa peke yake. Kuna mtu wa kunyonya makohozi kwenye tundu la koo ili njia isizibe. Kuna mtu wa kuangalia kama hewa inaingia ya kutosha, isiwe kidogo, isiwe nyingi ya kuumiza mapafu. Kuna mtu mwenye anasikia mlio wa mashine usiku na kujua, mbele ya kuwasha taa, kwamba kuna kitu hakiendi. Ile ni kazi. Iko na elimu yake, na makosa yake yanaua.

Filamu yenyewe inagusa ile hatari, kisha inakimbia. Mbwa wa nyumbani anachomoa waya wa mashine ukutani. Robin hawezi kuita, anatoa mlio mdogo tu wa ulimi. Tunashika roho mkononi, Diana anafika, waya unarudishwa, tunapumua pamoja naye. Basi, imekwisha, tunaenda kwa sehemu nyingine. Kwa mwongozaji ile ni dakika ya kutushitua. Kwa mtu wa kazi ile dakika njo kazi yote.

Diana alijifunza hayo yote nyumbani, na filamu inayaita mapendo. Mapendo ni kitu kikubwa, sikatai. Lakini mapendo hayamfundishi mtu kusafisha bomba la koo. Ukiita kila kitu mapendo, unaficha ufundi. Na ufundi wenye umefichwa, hakuna mwenye ataulipa, hakuna mwenye ataufundisha, hakuna mwenye atauliza kama umefanywa vizuri. Naelewa sababu: mmoja wa watayarishaji wa filamu ni Jonathan Cavendish, mtoto wa Robin na Diana. Anashukuru wazazi wake, ni haki yake. Sisi watazamaji tuko na haki ya kuuliza zaidi.

Mahali filamu inakaribia ukweli ni safari ya Uhispania. Mashine inaungua njiani. Inabidi watu wapokezane kumpulizia Robin hewa kwa mkono, wakimngoja Teddy Hall atoke Uingereza kuja kutengeneza. Wanakijiji wanakusanyika, muziki unaanza, inakuwa sherehe. Ni tamu kutazama. Lakini angalia: hakuna mkono unaochoka! Mwenye kuwahi kupampu hata tairi ya kinga anajua hii si kweli.

Mikono yenye ilichoka kweli iko kwenye historia. Mwaka 1952, miaka sita mbele ya Robin kuanguka, polio ilipiga Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu na mashine ndogo sita. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza wenye pumzi ilikatika, 27 walikufa. Mkubwa wa pale, Lassen, akamwita mganga wa usingizi, Bjørn Ibsen. Kwa shauri la Ibsen, msichana wa miaka 12 akatobolewa koo, akaingiziwa bomba, na Ibsen akampulizia hewa kwa mfuko wa mpira uliokamuliwa kwa mkono. Msichana akabaki hai. Lakini mfuko mmoja unataka mkono mmoja, saa 24, siku kwa siku, na kuna wakati wagonjwa wa namna hiyo walifika 70 kwa mara moja. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, karibu 1500. Walikaa pembeni ya vitanda zamu kwa zamu wakikamua mfuko, jumla ya masaa karibu 165,000. Wengine mgonjwa alikufa mikononi mwao. Wengi zaidi waliwashika mpaka wakapona, na vifo vikashuka sana.

Leo Ibsen anaitwa baba wa uangalizi wa wagonjwa mahututi, na anastahili. Wale 1500 wanaitwa «wanafunzi». Breathe imefuata njia ileile ya kukumbuka: mwenye wazo anapata jina, mwenye kushika anapata namba.

Mtu atasema: filamu si kozi ya hospitali, inachagua hadithi moja. Kweli. Lakini kuchagua kuna maana yake. Mwaka 2020, wakati wa Covid, dunia yote ilihesabu mashine za kupumulia: nchi hii iko na ngapi, ile iko na ngapi. Wachache walihesabu watu wa kuziendesha. Namna hiyo ya kuhesabu ilitoka mahali fulani, na hadithi zetu ziko ndani.

Je, mkono unaweza kupata jina? Marekani walionyesha kwamba inawezekana, na njia yao ilikuwa ndefu. Kule watu wa tiba ya pumzi walianza kama vibarua wa kusukuma chupa za oksijeni kutoka chumba hiki kwenda kile. Mwaka 1947, Chicago, wakasajili chama chao. Mwaka 1960 wakaanza mtihani wa taifa wa kujipima wenyewe. Mwaka 1982 njo California ikaweka sheria kwamba hakuna kufanya ile kazi bila leseni, na majimbo mengine yakafuata. Leo ni Alaska peke yake yenye haina. Toka chama mpaka sheria ya kwanza: miaka 35.

Na heshima kubwa kuliko zote ya chama chao ni medali ya Jimmy A. Young. Yeye hakuwa mvumbuzi wa mashine. Alikuwa mtu wa kazi yenyewe, aliongoza serivisi ya tiba ya pumzi kwenye hospitali kubwa ya Boston, akawa rais wa chama mwaka 1973, akafa mwaka 1975. Medali iko na jina la mtu mwenye alijua zamu ya usiku ni nini. Hapo uongozi na kazi havikuachana.

Angalia vile walifuatanisha mambo: chama, mtihani, sheria, medali. Walikubali kupimwa mbele ya kudai kuheshimiwa. Sisi wa huku, tuseme bila kufichana, mara nyingi tunaanzia mwisho. Komite haijafikisha mwezi tatu, tayari kuna sherehe ya kutunuku rais wake, kuna fulana, kuna picha. Ukiuliza chama kinapima namna gani kazi ya memba wake, kimya. Mimi ni wa agronomi, nafahamu ile njaa ya kuitwa Injinia. Lakini mkulima wa Kabare hataki kujua cheo chako. Anataka kujua kama ugonjwa wa migomba yake uliutambua mapema ao ulikuja kupiga picha na shamba lenye limeshakufa.

Kwetu Kongo kazi ya pumzi inabebwa na muuguzi, na mtu wa anestezi, wakati mwingine na kine. Wauguzi walipata sheria yao mwaka 2016, yenye iliunda Ordre des Infirmiers. Ni hatua kubwa. Lakini sheria ni mlango. Ndani ya nyumba kunabaki kazi ya kuandika nani anajua nini, nani anaruhusiwa kugusa mashine, nani anajibu ikilia saa nane za usiku. Hilo si jambo la serikali peke yake. Vijana wa sayansi za afya wenye wanasoma hapa wanaweza kuanza nalo ndani ya serivisi zao, hata bila cheo.

Kwa hiyo tazameni Breathe, inastahili saa mbili zenu. Mpendeni Robin, msifuni Diana, mvulieni kofia Teddy Hall. Lakini kila mara mashine inapolia kwenye ile filamu, ulizeni ni mkono wa nani uko karibu, na ni nani aliufundisha. Filamu haitajibu. Wenye kujibu ni wale wenye wataingia zamu kesho.