Kijiko cha Kimea

Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea katika sufuria ya uji mzito ulioepuliwa punde, ukoroge, usubiri. Mwiko uliokuwa ukisimama wenyewe unaanza kuinama. Uji unalegea, unateleza, na baada ya dakika chache unanyweka kwa kikombe. Hakuna tone la maji lililoongezwa. Unga ni uleule na nguvu yake ni ileile, ila sasa hata mtoto wa miezi minane anaumeza bila kupaliwa. Katika ufundi wote wa jikoni ninaoujua, wa kukamua tui, wa kuumua maandazi, wa kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi, sijaona unaofanya makubwa kiasi hiki kwa kitu kidogo namna hii, wala ulionyimwa sifa kama huu.

Ubora wake haueleweki mpaka tuutazame uji wenyewe. Wanga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Mama akitia unga wa kutosha, uji unakuwa mzito na mtoto anautema. Akiongeza maji, mtoto anakunywa vizuri, anashiba, analala. Lakini alichoshiba ni maji. Tumbo la mtoto mchanga lina uwezo wa takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 anabeba gramu 240 hivi, kikombe kimoja tu. Kikombe hicho kikijaa uji mwepesi, hapana nafasi ya kingine hadi mlo ujao. Ndiyo sababu utamkuta mtoto ambaye hajalala njaa hata siku moja, na bado mstari kwenye kadi yake ya kliniki umelala chini.

Mbegu inalo jibu. Ikilowa na kuanza kuota, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, kazi yake kukatakata wanga uliohifadhiwa ndani ili kuulisha mche unaokuja. Mwenye kutengeneza kimea huiachia mbegu ianze safari hiyo, kisha huikatiza kwa jua kabla haijala akiba yake yote. Unga wa mbegu hiyo ukiingia katika uji, amilesi inaendelea na kazi ileile sufuriani.

Kuandika hivyo ni rahisi. Kutenda kunataka mkono uliozoea. Ulezi hupetwa na kuchaguliwa mawe, huoshwa hadi maji yatoke meupe, halafu hulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa na kutandazwa juu ya gunia safi lililoloanishwa, au juu ya majani ya mgomba, ukafunikwa na kuwekwa pasipo na jua. Hapo ndipo hodari na mbabaishaji hutengana. Mbegu inayoota hutoa joto. Ukiurundika ulezi, katikati unavukuta na kuoza. Ukiutawanya mno, unakauka kabla haujaamka. Lazima ugeuzwe, unyunyiziwe maji asubuhi na jioni, na mkono upenye chini kupima joto. Pua nayo ina kazi yake: harufu ya ubichi wa majani ni njema, lakini uvundo ukitokea au ukungu ukionekana, unatupwa wote, hata kama ni debe zima. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vyeupe huwa vimetokeza. Fundi anavitazama, hahesabu saa. Vikiwa vifupi mno amilesi bado haba. Vikiachwa virefuke, mmea umekwisha kula kile tulichokitaka sisi.

Baadaye ni jua, jua kali, juu ya mkeka au chanja na si udongoni. Kikishakauka, kimea husuguliwa kwa viganja ili vichipukizi na vijizizi vidondoke, kikapepetwa, kikasagwa. Kwa mtama hatua hii si ya urembo. Chipukizi la mtama hubeba sumu ya jamii ya sianidi, na wazee waliosisitiza lipukutishwe lote walikuwa sahihi. Kwa mtoto mimi nashauri ulezi, ambao hauna hofu hiyo, huku gramu 100 zake zikiwa na kalisi miligramu 340 hivi, zaidi ya mara kumi ya mchele au mahindi.

Na moto, jamani. Uji unaotokota huiua amilesi papo hapo, na wengi waliokata tamaa na kimea walikosea hapo. Uepue, uache kutokota, ubaki wa moto ambao kidole hakiwezi kutulia ndani yake. Hapo ndipo kimea kinatiwa. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena kidogo, kwa kuwa unga wa kimea ni mbichi na huenda umebeba vijidudu.

Kutoka uji huo hadi togwa ni hatua moja. Songea, Njombe au Iringa, uji wa mahindi uliopoa hutiwa kimea na kuachwa ulale. Kesho yake ni kinywaji kichachu, chenye utamu wa mbali. Bakteria wa uchachu huzalisha asidi, na ndani ya asidi hiyo vijidudu vingi vya kuharisha havistawi, jambo la maana sana kwa nyumba isiyo na friji. Kuota na kuchacha pia hupunguza faiteti, zile kemikali za nafaka zinazoyashika madini ya chuma na zinki yasifike mwilini. Upande wa Kigezi, Uganda, na nchini Rwanda, watu huloweka mtama mwekundu katika maji ya majivu kabla ya kuuotesha ili kuupunguzia ukakasi. Nafaka ambayo ndege huikwepa wameifanya kinywaji cha nyumbani.

Kwa nini basi kimea hakikuvuma? Nadhani pombe ilikiponza. Sokoni anayeuliza kimea hudhaniwa anakwenda kupika komoni, na Uchagani ulezi uliooteshwa ndio roho ya mbege. Mama mlokole atakitazama mara mbili kabla hajakitia katika uji wa mwanawe. Lakini wapika pombe hao, wengi wao wanawake, ndio waliotutunzia maarifa haya, na sioni aibu kuwashukuru. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilikichunguza kimea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Oktoba 1987 wataalamu wa mashariki na kusini mwa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbinu za nyumbani za kuboresha chakula cha watoto, kuotesha na kuchachusha zikiwamo. Walichokipima katika maabara kilikuwa kikifanyika vijijini siku zote.

Siku hizi tumeshika njia nyingine. Nenda duka lolote, utakuta pakiti ya unga wa lishe yenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga, wakati mwingine hata mbegu za maboga, kana kwamba wingi wa majina ndio afya. Sichukii soya wala karanga. Lakini nafaka tano zilizosagwa pamoja bado ni wanga uleule unaovimba, na mama atauzimua kwa maji kama awali. Karanga zikisagwa na kukaa wiki kadhaa dukani, mafuta yake huchacha. Zikiwa zilihifadhiwa penye unyevu, sumukuvu huenda imekwisha kuingia, na huwezi kuchagua tena karanga iliyooza ndani ya unga. Tuliona mwaka 2016, Dodoma na Manyara, jinsi sumukuvu katika mahindi ilivyoua watu. Karanga itwangwe siku ya kupika, iingie sufuriani ikiwa mpya. Mtoto akipewa na kipande cha chungwa au papai baada ya uji, vitamini C yake itausaidia mwili kuvuta madini ya chuma.

Ombi langu ni kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Siku ya kupima watoto uzito, wekeni jiko moja kando ya mizani. Pikeni uji mzito, muwagawie akina mama waonje, kisha tieni kimea mbele ya macho yao na kuurudisha motoni kabla ya kuwaonjesha tena. Wapeni na bibi zao nafasi ya kusema, maana baadhi yao watawasahihisha. Ulezi wenyewe unapatikana sokoni mwaka mzima.