Makaa Yasiyochimbwa

Tandaza mezani ramani ya mgodi wa kale wa makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza. Utaona njia na vyumba vilivyochimbwa, vimesongamana kama vichochoro vya mji mkongwe, kisha ghafla mistari yote inakoma. Unafuata ukanda mtupu, na ng'ambo yake vichochoro vya mgodi wa jirani vinaanza. Makaa yaliyomo ndani ya ukanda huo ni mema kama yale yaliyokwisha kuuzwa. Kuna mtu aliyekaa, akapiga hesabu, akasema haya hayaguswi. Kazi ya mtu huyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Mara nyingi tabaka la makaa hulala kwa mteremko, mithili ya paa la nyumba. Mvua hupenya kwenye nyufa za mwamba na kushuka hadi kwenye uwazi wowote itakaoukuta. Mgodi ulio hai hunyonywa maji kwa pampu usiku na mchana. Siku mwenyewe anapoufunga na kuondoka na pampu zake, uwazi ule huanza kujaa polepole, mwaka baada ya mwaka, gizani. Anayechimba upande wa chini wa mteremko huohuo anafanya kazi chini ya ziwa asiloliona. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 100 hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 100 hivi, na kinachoyazuia ni makaa yenyewe, yaliyoachwa palepale yalipo tangu dunia ilipoyafinyanga.

Ukuta huo uwe na unene gani? Hapo ndipo ufundi wa mpimaji wa mgodi unapoonekana. Anatazama kina, mteremko, ugumu wa makaa, nyufa zinazoweza kupitisha maji kwa kuzunguka. Anajiuliza pia kama ramani ya jirani ni ya kuaminika, au ilichorwa na mtu mwenye haraka. Ukuta mwembamba unaua. Ukuta mnene kupita kiasi unamnyima mwenye mgodi mali yake, na mwenye mgodi hachoki kuuliza kwa nini. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, yaani hata mzembe ana nafasi ya pili, ingawa ya gharama. Chini kule nafasi hiyo haipo. Makaa yakishakatwa hakuna fundi wa kuyarudisha.

Bei ya kutojua maji yako wapi ililipwa Heaton, karibu na Newcastle, tarehe 3 Mei 1815. Maji ya machimbo ya kale yalipasua na kuingia mgodini. Wanaume na wavulana 75 walikufa, na ilichukua miezi mingi ya kupiga pampu kabla ya kuwafikia wengi wao.

Ndiyo maana nausoma kwa heshima utaratibu ulioandikwa katika sheria ya migodi ya Uingereza ya mwaka 1872, kwa sababu naona ndani yake mikono ya watu wa kazi. Unapokaribia mahali panaposhukiwa kuwa na maji mengi, njia yako isizidi futi 8 kwa upana. Mbele yako, karibu na katikati, pawe na tundu lililotobolewa, linalotangulia kwa yadi 5 au zaidi, na matundu mengine ya kutosha ubavuni kila upande. Kwa hiyo mchimbaji hasogei kabla ya kupapasa. Anasukuma fimbo ndefu ya chuma, anaitoa, anaitazama ncha, anaunusa unga uliotoka. Unga mkavu, anaendelea. Unga ukilowa, makaa yakitokwa na jasho, au harufu ya yai viza ikijitokeza, anasimama. Tundu jembamba analoweza kulidhibiti limemwambia jambo ambalo sururu ingemwambia mara moja tu.

Lakini maji ni ya nani? Mwaka 1849, katika kesi ya Smith dhidi ya Kenrick, mahakama iliamua kwamba maji yanayoshuka yenyewe kutoka mgodi wa juu kwa sababu ya uchimbaji wa kawaida hayamtii hatiani mwenye mgodi huo. Kwa mpimaji wa chini ujumbe ulikuwa wazi: acha ukuta upande wako mwenyewe. Mwaka 1863, katika Baird dhidi ya Williamson, ikawa vingine kwa yule aliyeyapandisha maji kwa pampu yakaishia kwa jirani, huyo alilipa. Uzito wa mteremko ni wa Mungu, uzito wa pampu una mwenyewe.

Kisha ikaja kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa Nairobi na Dar es Salaam anaijua kwa jina, Rylands dhidi ya Fletcher, iliyomalizwa na Baraza la Malodi mwaka 1868. Watu hukumbuka bwawa la kiwanda cha Rylands huko Lancashire. Nawaomba wakumbuke pia kilichokuwa chini yake: mashimo ya zamani ya makaa, yaliyojazwa udongo, ambayo waliojenga bwawa waliyakuta na hawakuyaziba sawasawa. Desemba 1860 maji yalishuka humo hadi kwenye mgodi wa Fletcher. Kanuni nzima ya sheria iliyobeba jina la kesi hiyo ilizaliwa kwa sababu hakuna aliyeyafuatilia mashimo yale mpaka yanapoishia.

Ukuta ni mzima kadiri ramani yake ilivyo ya kweli. Julai 2002, huko Quecreek, Pennsylvania, wachimbaji waliamini kwamba machimbo ya kale ya Saxman yako mbali. Ramani waliyopewa haikuonyesha uchimbaji wa mwisho, nao wakatoboa ndani ya maji. Watu tisa walinaswa kwa saa 77, wakaokolewa wote kupitia tundu lililochimbwa kutoka juu.

Sheria ileile ya 1872 ilidai kwamba mgodi ukiachwa, ramani yake ikabidhiwe serikalini. Namfikiria mpimaji siku hiyo, pampu zimeshang'olewa. Anashuka na taa na mnyororo wa kupimia hadi mwisho wa kila njia, hata zile fupi zisizo na faida. Anapanda, anazichora zote, anaandika tarehe.