Akiba Huoza

Saa nane na nusu usiku Kilindoni, kisiwani Mafia, imelala. Maji yamekupwa, majahazi yamelalia ubavu mchangani, na upepo wa kusi unachezea makuti. Katika ofisi moja ndogo isiyo na mtu, taa ya kijani ya seva inaanza kupepesa kwa kasi. Mashine inakusanya mafaili ya siku nzima, inayabana, inayahesabu, kisha inayapeleka kwenye diski ya pili. Hakuna aliyeiamsha. Inatii mstari mmoja ambao fundi wake aliuandika miezi mingi iliyopita.

Mstari wenyewe ni mfupi: 30, kisha 23, kisha nyota tatu, na mwisho jina la programu ya kuitwa. Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Nyota tatu zinasimamia tarehe, mwezi na siku ya wiki, na nyota maana yake ni "yoyote". Seva imewekewa saa ya Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo 23:30 yake ni saa nane na nusu usiku ya Mafia. Fundi wetu ana saa tatu kichwani kwa wakati mmoja: ya Greenwich, ya Afrika Mashariki, na hii ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Angeandika 8 kwa kudhani ni saa nane, kazi hiyo nzito ingeanza saa tano na nusu asubuhi, ofisi ikiwa imejaa watu.

Nilimwomba nikae naye asubuhi kadhaa, akakubali. Ni kijana mpole, mwenye "shikamoo mzee" isiyokosa hata siku moja. Kabla ya chai hufungua daftari ambalo mashine imejiandikia yenyewe usiku kucha, akasoma mistari ya mwisho. Huangalia diski imejaa kiasi gani. Halafu hulinganisha uzito wa nakala ya jana na wa juzi, tena polepole, kama mama anayempima mtoto kliniki.

"Nakala ikinenepa ghafla nashtuka, mzee," aliniambia. "Ikikonda ghafla nashtuka zaidi."

Zana zake ni za ukoo wa Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Seva hii inaendeshwa na Linux, ambayo Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na ambayo imefuata nyayo za Unix. Desturi ya ukoo huo ni kuwa na programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake moja, ifanywe vizuri. Mtu aliyewahi kutazama mafundi wa kisiwa jirani cha Chole wakiunda jahazi ataielewa desturi hiyo mara moja. Tezo ni ya kuchonga, keekee ni ya kutoboa, na hakuna anayeitaka keekee ichonge. Ufundi uko katika kujua ushike kipi, lini, na uishie wapi.

Kisiwa chenyewe hakiirahisishi kazi hii. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hula chuma taratibu bila kupiga kelele. Umeme wa Mafia kwa miaka mingi umezalishwa hapo hapo kwa majenereta, nao ukikatika haupigi hodi. Mashine haiandiki kila kitu diskini papo hapo. Hukusanya kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ndipo iandike kwa mkupuo. Umeme ukikatika katikati, ambacho hakijaandikwa kinapotea, na faili linaweza kubaki nusu. Kwa hiyo fundi ameifunza seva isikilize betri yake. Chaji ikishuka kufikia kiwango alichokiweka, seva yenyewe inafunga hifadhidata, inaandika kilichobaki mkononi, inaachia diski, ndipo inajizima. Inazimika kwa adabu. Umeme ukirudi inaamka, na wafanyakazi wanaingia asubuhi bila kujua kwamba usiku kulikuwa na jambo.

Programu ninayoihusudu zaidi katika zana zake ni rsync, iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996. Kazi yake ni kuifanya nakala ya mbali ifanane na ya hapa bila kutuma kila kitu upya. Inaligawa faili vipande vipande, inakipa kila kipande alama ya hesabu, inalinganisha alama za pande mbili, kisha inatuma vile tu vilivyobadilika. Ndivyo jahazi linavyotengenezwa pia: fundi hugonga ubao mmoja mmoja, akasikiliza mlio, akang'oa ule uliooza na kuuacha mzima mahali pake. Kwa kisiwa ambacho intaneti yake ina siku nzuri na siku mbaya, hesabu hiyo ndiyo inayowezesha nakala kufika bara kabla ya alfajiri.

Na kinacholindwa kina thamani gani? Chukua mfano wa papa potwe, wanaoonekana kwa wingi mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Kila mmoja ana madoa yake, na watafiti humtambua kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu. Mwaka 2005 ilichapishwa njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, nayo iliazimwa kwa wanaastronomia, waliokuwa wakiitumia kutambua mpangilio wa nyota. Miaka kumi baadaye, utafiti uliofanywa hapa Mafia kwa vifaa vya sauti vilivyofungwa kwa papa ulionyesha kwamba wengi hawaondoki msimu ukiisha. Wanabaki karibu na kisiwa, mahali macho yetu hayawafikii. Ukweli huo haukuonekana kwa siku moja wala mwezi mmoja. Ulitoka katika rekodi zilizotunzwa msimu baada ya msimu, na picha ya papa aliyepita leo haipigwi tena kesho. Faili la namna hiyo likipotea, hakuna duka la kulinunua.

Ndiyo maana fundi hufuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Mbali, kwa mtu wa Mafia, maana yake ni ng'ambo ya bahari. Mbali na nakala inayopita mtandaoni kila usiku, diski moja hufungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikavuka kwa boti hadi Nyamisati, ikaenda Dar es Salaam. Mei 2024 kanuni hiyo ilijieleza yenyewe. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Tarehe 12 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Asiyekuwa na diski ya mbali alikuwa na la kuhofia katika wiki ya kwanza. Asiyekuwa na diski ya karibu, katika wiki ya pili.

Lakini kiini cha ufundi huu nilikiona Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wahenga walisema akiba haiozi. Fundi wa seva anajua kwamba yake huoza. Diski huchoka, ufunguo wa siri husahaulika, programu hubadilishwa na kuacha kusoma ya zamani, na usiku baada ya usiku mashine huendelea kuandika "imekamilika". Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data kwenye seva aliyodhani ni nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka akiba, na ilipozihitaji hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa sita kabla ya kosa hilo, kwa kazi nyingine kabisa. Walilieleza hilo hadharani, na mafundi wa dunia nzima wakajifunza.

Kijana wetu alijifunza mapema zaidi, kwa diski iliyopokea kila alichoipa bila kulalamika, na siku ilipoombwa irudishe ikatoa mafaili yaliyovunjika. Tangu hapo, kila mwezi hupiga kura. Siku hiyo aliniambia nichague faili lolote. Nikanyooshea kidole picha ya zamani. Akachukua diski ya akiba, akaiunganisha na kompyuta nyingine isiyohusiana na seva, akaandika amri yake, akangoja. Picha ilipotoka aliiomba mashine ihesabu alama yake: herufi na tarakimu 64 zilizopangwa mstari mmoja. Akahesabu na ile ya asili. Akasoma kwa sauti nne za mwanzo na nne za mwisho za kila mstari, kisha akaiachia mashine ilinganishe zote. Zililingana. Akafungua daftari la karatasi, akaandika kwa kalamu tarehe, jina la faili, namba ya diski na dakika zilizotumika, akatia sahihi.

Hakutabasamu wala hakujisifu. Alifunga daftari akaenda kunywa chai.

Nawe, msomaji, kama una ofisi, zahanati au shule inayotegemea mashine, usimuulize fundi wako kama ana nakala. Atakujibu anayo, naye atakuwa anasema kweli. Muulize ni lini mara ya mwisho aliirudisha, na umwombe akuonyeshe daftari.