Gitaa la Nyuzi Zilizolegezwa

Katika visiwa vya Hawaii, vilivyo mbali katikati ya bahari ya Pasifiki, iko namna ya kupiga gitaa iitwayo kī hōʻalu, maana yake kulegeza ufunguo. Wengi waisifu, na vitabu vya kuifundisha sasa si haba. Lakini yafaa tuulize: Je, ajifunzaye kwa kitabu huupokea ufundi wenyewe, au huzipokea nyuzi tu?

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimletea mfalme Kamehameha ng'ombe, na mfalme akakataza wasiuawe. Wakazidi hata wakawa adha mashambani. Kwa hiyo katika miaka ya 1830 waliitwa wachunga ng'ombe hodari kutoka California, nchi iliyokuwa ya Meksiko wakati ule, wawafundishe wenyeji kuwakamata kwa farasi na kamba. Yasimuliwa kwamba wachungaji hao walikuja na magitaa yao. Wenyeji wakayapokea, wakazilegeza nyuzi kama masikio yao yalivyopenda, wakazifuatisha na nyimbo zao wenyewe.

Kulegeza si kazi ngumu. Gitaa la kawaida, tukianza na uzi mnene hata mwembamba, lina sauti E, A, D, G, B, E. Ulegeze uzi wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa hatua nzima, nawe utapata D, G, D, G, B, D. Sasa ukizipiga zote pamoja pasipo kuubonyeza hata uzi mmoja, zapatana. Mpango huu waitwa Shamba la Majimbi. Ukiulegeza na uzi wa tatu kwa nusu hatua, umepata mmojawapo wa mipango iitwayo wahine, yaani mwanamke. Na iko mingine mingi.

Zamani mipango hiyo ilikuwa siri ya jamaa. Husimuliwa juu ya wapigaji waliozivuruga nyuzi kabla ya kuliweka gitaa chini, ili mgeni asizisome. Sababu yao twaielewa, maana wimbo ulikuwa wa nyumba fulani na bonde fulani. Lakini siri ina hatari yake: mzee akifa pasipo mwanafunzi, hufa na nyuzi zake. Na hatari nyingine ilikuwapo, kubwa kuliko hiyo. Sheria ya mwaka 1896 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na nyimbo zile ni za Kihawaii. Watoto wakiikosa lugha, nani atakayeimba?

Mwaka 1973 Keola Beamer alitoa kitabu cha kufundisha kī hōʻalu. Mwenye kumlaumu kwa kuifunua siri, mimi sitasimama naye. Afadhali siri iliyotoka nje kuliko siri iliyozikwa.

Hata hivyo kitabu hakimalizi kazi. Mistari sita na tarakimu zake huonyesha kidole kiwekwe wapi. Hazimfundishi mtu jinsi dole gumba liendavyo pole pole juu ya nyuzi nene, kama mtu atembeaye asiye na haraka, huku vidole vingine vikiupiga wimbo juu yake. Wala hazionyeshi wepesi wa kuugusa uzi katikati yake hata utoe sauti kama ya kengele ndogo. Kwa hiyo twawaona wanafunzi wanaoihesabu mipango kama mtu ahesabuye mali yake. Huyu anayo kumi, yule ishirini, wala hapana mmoja aujuaye ubeti mzima wa wimbo. Wameshika ufunguo, na nyumba hawajaingia.

Na wausikilize wimbo wa Hiʻilawe, ulioimbwa na Gabby Pahinui na kutiwa katika santuri mwaka 1946. Ni wimbo wa maporomoko ya maji katika bonde la Waipiʻo. Aimbapo, gitaa hukaa chini ya sauti yake. Amalizapo ubeti, gitaa huijaza nafasi, kisha humpisha tena. Uzuri wake hautoki katika mpango wa nyuzi peke yake. Watoka katika kujua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Tena wamkumbuke Raymond Kane, aliyefariki mwaka 2008. Alipokuwa mvulana huko Nānākuli alimvulia fundi samaki, na malipo yake yakawa kufundishwa. Baadaye upigaji wake ulijulikana kwa upole na utaratibu, naye akafundisha watu wengi. Samaki wale walimnunulia kitu ambacho kitabu hakiuzi: kuketi karibu na mkono wa mwalimu.

Basi kwa maoni yangu, kitabu na kitumike, lakini kwa taratibu. Kwanza mwanafunzi ajifunze kuimba wimbo na kuyafahamu maneno yake. Pili alifundishe dole gumba kwenda sawasawa. Tatu ndipo aitafute mipango mingine. Udhuru wa lugha umepungua, kwa maana tangu mwaka 1978 Kihawaii ni lugha rasmi ya jimbo lile pamoja na Kiingereza, na ziko shule ambamo watoto hufundishwa kwa lugha hiyo. Nyuzi zaweza kulegezwa kwa dakika chache. Wimbo hudai miaka, na huo ndio unaostahili kulindwa.