Kutoka Mtungi hadi Umeme: Uhakiki wa Istilahi za Jikoni

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo. Makala haya hayakusudii kuamua kama familia iache mtungi wa gesi na kupikia umeme mtupu. Yanachunguza kama maneno inayopewa yanaiwezesha kuamua yenyewe.

Tuanze na kosa lililo zito kuliko yote, yaani "kilowati kwa saa". Mita huhesabu uniti, na uniti 1 ni nishati inayotumiwa na chombo cha kilowati 1 kikiwaka saa nzima. Hapo pana kuzidisha, wala hapana kugawanya. Lakini mwanafunzi amekwisha kufundishwa kwamba "kilomita kwa saa" ni kilomita zilizogawanywa kwa saa, na akikuta "kilowati kwa saa" atafanya vivyo hivyo. Tuchukue jiko la kilowati 2 lililowashwa nusu saa. Hesabu sahihi ni 2 mara nusu, yaani uniti 1. Anayegawanya atapata 4. Hivyo neno moja dogo linaongeza gharama ya chungu mara nne, na familia inarudi kwenye mtungi kwa hofu isiyo na msingi.

Wapo watakaotetea kwamba "kwa" huonyesha pia muda, kama katika "alilima kwa saa mbili". Ni kweli, lakini istilahi haiwezi kuachiwa maana mbili zinazopingana. Hapana budi tuandike "kilowati-saa".

Kadhalika, neno "nguvu" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Tangazo linaposema jiko "linatumia nguvu ndogo", je, kilowati zake ni chache, au uniti zitakazolipiwa? Jiko lenye kilowati nyingi laweza kuivisha upesi na kumaliza uniti chache. Kwa maoni yetu, "nguvu" ibaki kwa kilowati, na "nishati" kwa uniti. Neno la tatu ni "ufanisi". Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13, lakini joto lake jingi hupotea pembeni mwa sufuria. Bila "ufanisi", ulinganisho wa kilo na uniti hauna maana.

"Gesi" nayo haitoshi peke yake. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka ng'ambo. Gesi asilia ya Songosongo imezalishwa nchini tangu mwaka 2004, na sehemu yake huendesha mitambo ya umeme. Kwa hiyo mwito wa "acha gesi, tumia umeme" una kasoro: anayeacha mtungi huenda bado anapikia gesi kupitia waya. Iandikwe "gesi ya mtungi".

Linabaki jina la jiko lenyewe. "Jiko la kioo" huchanganya vyombo viwili. Kimoja hupasha kioo joto, na sufuria yoyote yafaa. Cha pili huamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria kwa nguvu ya sumaku, na sufuria zetu za alumini hazipati moto juu yake. Anayeuziwa hicho cha pili kwa jina la cha kwanza hulazimika kununua vyombo upya. Vitabu vya fizikia na vibaki na "induksheni". Dukani na jikoni tungependelea "jiko la sumaku", kwa kuwa jina hilo lina kipimo ndani yake: sumaku ikinata kwenye kitako, sufuria yafaa.

Tunavyo vielelezo vyema vya kufuata. "Jiko banifu" linaeleza kwa neno moja kazi ya kubana matumizi ya kuni na makaa. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni kifupisho kinachomweleza mteja utaratibu mzima. Maneno hayo yalikubalika kwa sababu yanamfundisha mtumiaji. Wafasiri na walimu watakaoandika maelekezo ya majiko mapya wayapime maneno yao kwa kipimo hicho kabla hayajapigwa chapa.