Sifa ya Chelezo Kilichokunjwa Vema

Mzamiaji ajiandaaye kushuka katika maji ya Ghuba ya Mwanza, akiisha kuukagua mtungi wake wa hewa, na kuzijaribu kanda za jaketi lake la kuelea, na kuhakikisha kuwa miwani yake haivuji, hubakiwa na kazi moja ndogo ambayo mtazamaji aliyesimama juu ya majabali ya Capri Point aweza kuiangalia toka mwanzo hata mwisho asitambue kuwa imetendeka: nayo ni kukikunja chelezo chake na kukiweka mahali pake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, wala haina ujira, wala hapana atakayemsifu mtu kwa kuitenda vizuri. Na kwa sababu hiyo hasa nimeona ni wajibu kuiandikia sifa, kwani katika shughuli zote za wazamiaji sijui nyingine ambamo ustadi wa fundi hudhihirika hivi, akijitaabisha saa ambayo bado hana haja, kwa ajili ya saa ambayo hatakuwa na nafasi.

Chelezo chenyewe, au boya kama wengi wasemavyo, ni mfuko mwembamba wa kitambaa kisichopitisha hewa, wa rangi ya machungwa au manjano, mrefu wa kimo cha mtoto au zaidi, uliozibwa ncha ya juu na kuachiwa mdomo upande wa chini, na kufungwa uzi imara uliozungushwa kwenye spuli. Mzamiaji akiwa angali chini hukitia pumzi kidogo, nacho hupaa kikiuvuta uzi nyuma yake, hata kikasimama wima juu ya maji na kuwajulisha wenye vyombo kuwa hapo chini pana mtu. Pumzi hiyo haina haja ya kuwa nyingi, kwa kuwa hewa iliyobanwa na uzito wa maji hupanuka ipandapo. Na katika Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo shinikizo la hewa ni dogo kuliko lile la Unguja au Mombasa, hewa iliyotiwa penye kina cha mita 10 hupanuka zaidi ya mara mbili ifikapo juu. Kimo hicho cha ziwa ndicho kiwafanyacho wazamiaji wenye maarifa wasizifuate jedwali zilizotungwa kwa ajili ya bahari bila ya kuzisahihisha, na wapande polepole mno, wasipite mita 9 kwa dakika, kisha watue penye mita 5 kwa muda wa dakika 3 au zaidi kabla ya kutoka. Na katika muda huo wote wa kungoja, uzi wa chelezo ndio unaomwambia mtu yuko wapi.

Nimemtazama mzee mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, akiitenda kazi hii ufukoni. Kwanza hukitandaza chelezo juu ya jabali kavu, akakipangusa mchanga kwa kiganja, akakikandamiza kwa ubavu wa mkono kuanzia ncha iliyozibwa kuelekea mdomoni, mara moja, mara ya pili, hata pumzi ya mwisho ikatoka, maana hewa kidogo iliyosahauliwa ndani huufanya mkunjo uwe mnene na kukataa kukaa. Kisha hukikunja kwa urefu, kingo zikalingana, ndipo akaanza kukivingirisha kama mkeka, kutoka ncha ile ile iliyozibwa, kila mzunguko akiukaza kwa vidole gumba, mpaka mdomo ukabaki nje peke yake ukielekea upande ambao mkono utaujia. Mpira wa kubania huwa mmoja tu, wala hakubali kuongeza wa pili. Uzi nao huzungushwa kwenye spuli kwa mkono usio na haraka, tabaka juu ya tabaka, usikazwe hata ukazama katika tabaka za chini, wala usilegezwe hata ukaruka nje. Na kulabu yake hupitishwa katika tundu la spuli na kuudaka uzi wenyewe, ili usijifungue njiani. Yote yakiisha, mzee hufumba macho, akautafuta mdomo wa chelezo kwa kidole kimoja. Asipoupata mara ya kwanza, hukikunjua chote akaanza upya.

Mtu aliyezoea maji ya Mnemba au ya Mafia aweza kuiona hadhari hii kuwa imepita kiasi, kwa kuwa huko, siku njema, mzamiaji akitaka chombo chake hukiangalia tu akakiona. Katika ghuba yetu si hivyo. Matope yaletwayo na mvua, pamoja na mwani mdogo uliostawi kwa mbolea na taka zishukazo toka mashambani na mijini, huumeza mwanga wa jua upesi, hata mtu akaunyosha mkono wake mbele ya miwani asivione vidole. Na mahali pasipo na mwanga, macho ya mzamiaji ni mikono yake, nayo mikono haina ilijualo ila lile ililofundishwa pwani. Fauka ya hayo, chini ya ziwa zimo nyavu zilizopotea, nyavu za nailoni zisizooza, na kila kitu kinachoning'inia katika mwili wa mtu, hata kipande cha uzi chenye urefu wa shibiri, ni mkono ulionyooshwa kuzialika. Na juu nako hakuna amani: mitumbwi yenye mashine hukatiza kwenda na kurudi, na pengine magugu maji hutanda kama busati katika hori nzima, hata chelezo kikapanda na kugota chini yake, kisiwahi kuonekana na mtu. Kwa hiyo mwenye busara hutazama upepo unakoyapeleka magugu hayo kabla ya kushuka.

Zamani, mtu aliyezama alikuwa na mwenzake juu. Katika Ghuba ya Uajemi, ambako katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 watu wengi wa asili ya Afrika Mashariki, na wengi wao walichukuliwa utumwani, walizamia lulu katika majahazi ya matajiri, mzamiaji alishuka akivutwa na jiwe mguuni, pua imebanwa kwa kibanio, asiwe na hewa ila ile aliyoivuta kabla ya kuzama. Na kule jahazini alikuwapo mtu aliyeishika kamba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuusikia mtikiso mdogo wa kamba na kumvuta mara moja. Uhai wa mmoja ulikuwa katika makini ya mwingine, na akipitiwa huyo wa juu, basi tena. Hata ilipofika mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan wakatengeneza huko Ufaransa chombo kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa kadiri ya haja yake, kamba ile ikakatwa, na mtu akawa huru kwenda atakako ndani ya maji. Uhuru huo ni neema kubwa. Walakini uliondoa na yule mshika kamba. Chelezo kimeirudisha kamba, lakini hakikumrudisha mtu wa kuishika, na kwa hivyo mzamiaji wa leo hana mshika kamba ila nafsi yake mwenyewe, yule aliyekuwa ufukoni saa moja kabla, akivingirisha kitambaa juu ya jabali. Ikiwa yule alikuwa mzembe, huyu wa chini hana wa kumlalamikia.

Wala tusidhani kuwa adabu hii ni ngeni kwa watu wa ziwa. Mvuvi wa Igombe au Kayenze, atokaye jioni kwenda kutega nyavu za makila, huupanga wavu wake ndani ya mtumbwi kungali na mwanga, maboya upande mmoja na machubwi upande mwingine, tabaka kwa tabaka, ili wakati wa kuutosa, giza limeingia na mawimbi yanakipiga chombo ubavuni, utoke wote bila ya kusokotana. Na dumu la plastiki linaloelea kichwani mwa wavu hufungwa kwa kamba iliyopimwa na kukunjwa kwa uangalifu ule ule. Mzee wangu wa Ukerewe alikuwa mvuvi miaka mingi kabla ya kuvaa mtungi mgongoni, na nilipomwuliza nani aliyemfundisha kukunja chelezo, alinionyesha mitumbwi iliyopandishwa ufukoni.

Tena Mwanza haiwezi kuuzungumza uzamiaji kama mchezo wa wasafiri peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia mji huu na kuangamiza mamia ya watu, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, na siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa mhandisi wa kivuko akiwa hai, amesalia mahali penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Katika kazi za namna hiyo, mtu aliye chini hana sauti ya kuwafikia walio juu. Akitaka kusema kuwa ni hapa, au kuwa anapanda, chelezo ndicho ulimi wake. Sioni kwa nini ujuzi kama huo ufundishwe mwishoni mwa mafunzo, ukipita haraka haraka, kama jambo la ziada.

Mafundi huhitilafiana juu ya mahali pa kukiweka chelezo. Wako wakitundikao kwenye pete ya chuma ubavuni mwa jaketi, wapate kukifikia upesi. Wako wakipachikao nyuma ya kiuno, chini ya mtungi, kati ya kanda mbili za mpira. Na wako wakitiao katika mfuko wa paja. Katika bahari iliyo safi kila mmoja ana hoja yake, lakini kwa maji yetu mimi nasimama na watu wa mfuko wa paja, wa kulia kwa atumiaye mkono wa kulia, mdomo wa chelezo ukielekea juu na spuli ikilala pembeni yake, imekwisha kuunganishwa au la kwa kadiri ya mazoea ya mtu, maadamu mfuko una kifuniko na hakuna kinachochungulia nje. Wavu hauwezi kushika kisichoning'inia.

Na akitoka majini, fundi hakiachi kikiwa kimekunjwa na unyevu wake. Hukisuuza matope, akakipulizia kidogo apate kuona kama kinavuja, akakianika kivulini kwa kuwa jua kali hudhoofisha kitambaa, na uzi wote akautoa kwenye spuli na kuupitisha katikati ya vidole viwili, shibiri kwa shibiri. Akipapasa mahali palipochubuka, hukata pale pale na kufunga upya, hata kama spuli itapungukiwa na mita mbili.