Zamu ya kusoma: hesabu ya dakika katika darasa la kwanza Nakivale

Kipindi kimoja cha kusoma katika darasa la kwanza nchini Uganda kina dakika 30. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, darasa lenye watoto zaidi ya 100 si jambo geni. Tuchukue darasa la watoto 120. Mwalimu akimsimamisha kila mtoto asome ubaoni peke yake, kila mmoja anapata sekunde 15, na hapo hatujatoa muda wa kuinuka, kupenya kati ya madawati na kurudi kukaa. Kwa wiki ya siku tano, mtoto huyo amesoma kwa dakika moja na robo. Hakuna anayejifunza kusoma kwa kiasi hicho, hata awe na akili nyingi na mwalimu awe hodari namna gani.

Tunapojadili watoto wa Nakivale wasiojua kusoma, huwa tunataja uhaba wa vitabu, uchache wa walimu na wingi wa lugha. Yote ni kweli. Lakini chini yake liko jambo moja ambalo mwalimu ana uwezo nalo kesho asubuhi: ni mara ngapi kwa siku kila mtoto anakutana na herufi kwa macho yake na kuitamka kwa kinywa chake. Katika darasa kubwa, mbinu ya kufundisha kusoma na mbinu ya kusimamia darasa ni kazi ile ile. Anayezitenganisha hupoteza zote mbili.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara, jiji ambalo eneo zima hulitegemea kwa biashara, hospitali na vyuo. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa kupokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo kanda zake tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, zina watu zaidi ya 150,000. Wakongo ni wengi kuliko wote, kisha wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Wenyeji Wanyankore nao huwapeleka watoto wao katika shule hizo hizo. Kwa hiyo dawati moja laweza kubeba Kiswahili cha Kivu, Kirundi, Kisomali na Kinyankore.

Mtaala haukutungwa kwa dawati la namna hiyo. Mwaka 2007 Uganda ilianzisha mtaala wa mada kwa madarasa matatu ya mwanzo. Mtoto afundishwe kusoma kwa lugha ya eneo lake, kisha kuanzia darasa la nne masomo yahamie kwenye Kiingereza. Mwaka 2012 mradi wa School Health and Reading Program, uliofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ulianza, nao ukatoa vitabu vya kwanza vya kusomea kwa lugha za Uganda, Kinyankore-Kikiga kikiwemo. Katika kijiji cha Mbarara ambako darasa zima linaongea Kinyankore, utaratibu huo una mantiki kamili. Penye lugha nyingi bila moja inayotawala, mwongozo unaruhusu kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hapo ndipo zilipo shule za Nakivale.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana ukiupima kwa nadharia ya Philip Gough na William Tunmer ya mwaka 1986. Walisema kusoma ni zao la vitu viwili: kutambua maneno yaliyoandikwa, mara kuelewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Mtoto anayetamka neno la Kiingereza vizuri bila kujua maana yake ana sifuri upande mmoja, na chochote mara sifuri ni sifuri. Upande wa kutambua maneno nao, Kiingereza kina ugumu wake. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003, uliolinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kuwa wanaojifunza tahajia ya Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao wenye tahajia nyoofu kujenga msingi wa kusoma. Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kinyankore ziko upande wa tahajia nyoofu. Herufi *a* husomeka *a* popote ilipo.

Mwalimu wa Nakivale hana mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia. Ana mamlaka juu ya herufi gani itangulie na itatajwaje, na uamuzi huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa.

Tuanze na namna ya kuitaja. Mwalimu akianza kwa majina ya herufi ya Kiingereza, herufi *E* inaitwa kwa sauti ambayo mtoto wa Kikongo anaijua kuwa ni *i*, na *I* inaitwa kwa sauti ambayo kwake ni *ai*. Kwa siku moja amefundishwa kinyume cha alichokuja nacho. Akifundishwa sauti kwanza na majina baadaye, mgongano huo unapungua sana.

Halafu mpangilio. Sauti za *m, t, k, n, s* na *b*, pamoja na irabu tano, zinapatikana katika Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kinyankore na Kisomali, na konsonanti hizo haziko mbali na zilivyo katika Kiingereza. Hizo ndizo za kuanza nazo, kwa sababu hakuna mtoto darasani ambaye ni ngeni kwake. Sauti za *p, v* na *z* zisubiri, kwa kuwa Kisomali hakina hata moja kati yake. Herufi *c* nayo isubiri: Warundi huisoma kama *ch*, Kisomali kinaiandikia sauti ya kooni, na Kiingereza kinaibadilisha kila mara. Mwalimu akianza kwa *m* na *a*, asubuhi ya kwanza watoto wote wanaondoka wamesoma *mama*.

Kwa mazoezi ya masikio, kabla hata ya chaki kugusa ubao, maneno yanayofanana yapo tele. Kitabu ni *igitabo* kwa Mrundi na Mnyarwanda, *ekitabo* kwa Mnyankore, *kitaab* kwa Msomali. Kila mtoto anapiga makofi kwa silabi za neno lake, na wote wanaisikia *ta* ndani yake. Mwalimu anaiandika *ta* ubaoni, na darasa zima limeielewa bila tafsiri.

Sasa turudi kwenye zile dakika 30, tuzigawe upya. Dakika tano za kwanza ni za masikio na makofi. Tano zinazofuata mwalimu anaonyesha: anasoma yeye, kisha wanasoma pamoja naye. Tano nyingine zinasomwa safu kwa safu. Dakika kumi ni za kusoma wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake akifuata kwa kidole, kisha wanabadilishana. Tano za mwisho ni za kuandika kwenye vibao. Kwa mpango huu, katika kusoma kwa wawili peke yake kila mtoto amepata dakika tano za sauti yake mwenyewe. Ni mara 20 ya zile sekunde 15, na mwalimu hakuongezewa hata dakika moja.

Ile sehemu ya safu kwa safu ina mtego ambao kila aliyesoma shule zetu anaujua. *Ba, be, bi, bo, bu* huwa wimbo. Watoto wanaufuata mdomoni huku macho yao yakiwa dirishani, na mgeni akipita anadhani darasa linasoma. Dawa yake ni rahisi: fimbo ya mwalimu iruke. Ianze *bu*, irudi *ba*, iende *bo*, isimame hapo kimya kidogo kabla sauti haijatoka. Aliyekariri wimbo atajulikana papo hapo.

Kusoma wawili wawili kunahitaji kitu cha kusoma, na vitabu havitoshi. Jozi 60 zinahitaji kadi 60. Maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kupikia yakikatwa na kuandikwa kwa kalamu nene yanatosha, na yanaingia kwenye mfuko mmoja. Upangaji wa jozi ndio wenye ufundi. Doug na Lynn Fuchs wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, waliopanga mfumo unaojulikana wa watoto kusomeshana, walitumia njia hii: wapange watoto kwa uwezo, kata orodha katikati, wa kwanza wa nusu ya juu akae na wa kwanza wa nusu ya chini. Kwa darasa letu, wa 1 anakaa na wa 61. Hivyo pengo kati yao si kubwa kiasi cha kumchosha mmoja na kumdhalilisha mwingine. Kwa Nakivale naongeza sharti moja mbele ya hilo: gawanya kwanza kwa lugha, kisha kwa uwezo ndani ya lugha. Anayemsahihisha mwenzake lazima aeleweke.

Katika dakika hizo kumi mwalimu hakai mezani. Anakwenda kwenye safu moja ya watoto kumi na kumsikiliza kila mmoja kwa takriban dakika moja, akiandika kwenye daftari sauti anayoijua na inayomshinda. Kesho safu nyingine. Baada ya siku 12 za masomo, watoto wote 120 wamesikilizwa na mtu mzima, mmoja mmoja. Hili linawezekana tu ikiwa kila mtoto ana kiti chake kisichobadilika. Ukikosa mpango wa viti, umekosa mpango wa kusoma.

Amri za darasa nazo ziwe chache na zisibadilike maneno: simama, kaa, tazama ubaoni, mgeukie mwenzako, inua kibao. Kila moja iwe na ishara yake ya mkono. Mtoto wa lugha yoyote huzishika upesi, na mwalimu anaacha kupoteza muda akipaza sauti. Kiboko hakina nafasi hapa. Marekebisho ya sheria ya watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na kwa upande wa ufundi pia, mtoto anayeogopa kukosea hafungui kinywa, na asiyefungua kinywa hasomi.

Makundi mawili yanahitaji jicho la pekee. Wapo watoto waliokwisha kuanza chuo cha Kurani, ambao macho yao yamezoea kutoka kulia kwenda kushoto. Hao wachorewe mshale chini ya mstari na kidole kianzie kushoto kila mara, bila kuambiwa kwamba walichojifunza ni makosa. Wapo pia wakubwa waliofika kutoka Kongo wakiwa wamesoma madarasa kadhaa kwa Kifaransa au Kiswahili, wakarudishwa chini kwa sababu ya Kiingereza. Mahali pao panapowafaa zaidi ni mpango wa elimu ya kasi, unaobana miaka saba ya msingi katika ngazi tatu. Wakiwa bado wamo darasani, wana hazina: herufi wanazijua tayari. Wapewe uongozi wa safu.

Wasaidizi wa walimu, wengi wao wakimbizi waliokuwa walimu kwao, hutumiwa mara nyingi kutafsiri sentensi baada ya sentensi. Utaratibu huo unakula nusu ya kipindi. Msaidizi aeleze kazi ya siku kwa lugha za watoto mwanzoni, kisha apite kusikiliza jozi. Hapo darasa limepata masikio ya pili.

Je, vitu vidogo kama vibao vinabadilisha lolote? Uganda ina ushahidi wake. Katika eneo la Lango, kaskazini, shirika la Mango Tree liliendesha programu ya kusoma kwa Kilango, na watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton walilinganisha programu kamili na nakala yake ya bei nafuu. Nakala nafuu ilikosa, pamoja na mengine, vibao vya kuandikia na saa za ukutani, na mafunzo yake yalipitishwa ngazi kwa ngazi badala ya kutolewa na wataalamu wenyewe. Programu kamili ilipandisha kusoma kwa 0.64 ya mkengeuko sanifu, kiwango kikubwa sana katika tafiti za elimu. Nakala nafuu haikuonyesha ongezeko la kusoma la kuaminika, na katika sehemu ngumu za kuandika watoto walirudi nyuma.

Kwangu somo la matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, ni kwamba mbinu hii hufanya kazi ikiwa imekamilika. Tazama dakika tano za vibao: mwalimu anatamka *ta*, watoto 120 wanaandika, wanainua kwa pamoja, na kwa mtazamo mmoja anaona ni safu ipi imepotea. Kibao cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi kimempa taarifa ambayo kuwasahihisha watoto wote mmoja mmoja kungemchukua kipindi kizima. Ukikiondoa ili kuokoa fedha, umeondoa macho ya mwalimu. Saa nayo inalinda zile dakika kumi za jozi zisiliwe na maelezo marefu.

Ufundi huu haulipi deni la Serikali na mashirika. Madarasa zaidi yanahitajika, na walimu zaidi, hasa sasa baada ya USAID kufungwa mwaka 2025 na misaada ya wakimbizi kupungua. Vyuo vya Mbarara vinavyoandaa walimu vinapaswa kumpeleka mwanachuo mazoezini katika darasa la watoto 120 wenye lugha tano kabla hajaajiriwa humo. Wakaguzi nao wabadilishe swali lao la kwanza. Wanapoingia darasani huomba andalio la somo. Wamchague mtoto mmoja wa safu ya nyuma, wakae naye kipindi kizima, na wahesabu dakika alizosoma kwa sauti yake. Nambari hiyo ndiyo iandikwe juu ya ripoti, kwa sababu darasa la nne halimngojei mtu: likifika, masomo yote yanadai kusoma, na mtoto ambaye hakupata zamu yake ya kusoma katika darasa la kwanza hana tena kipindi kilichotengwa kumfundisha.